Pretoria na Deni la Mwaka 1995

Tarehe 24 Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town akaungama jambo ambalo serikali yake na zile zilizomtangulia zilikuwa zimelikana kwa miaka mingi, ya kwamba nchi hiyo ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia, ikaanza la saba bila ya kulimaliza, kisha ikayavunja yote kwa mkono wake yenyewe. Zipo dola zilizoacha njiani shauri la kutengeneza silaha hizo, na zipo zilizorithi silaha za mwingine zikazirudisha kwa mwenyewe; lakini iliyounda zake, ikaziweka ghalani zikiwa tayari kwa kazi, halafu ikaziteketeza bila ya kushindwa vitani wala kushurutishwa na wakaguzi, ni hiyo peke yake hata leo.

Wengi walioandika juu ya habari hii wameishia katika swali la kwa nini mabomu yalivunjwa. Ni swali zuri, nami nitaligusa. Walakini lililo kubwa kupita hilo ni lile linalolifuata, yaani dola iliyokwisha kuvua silaha ambayo wakubwa wa dunia hawataki kuivua huketi nao mezani kwa hadhi gani, na hupata nini kwa kuvua kwake. Rai yangu ni kwamba Afrika Kusini ilipata heshima nyingi na mapema, ikaitumia karibu yote katika majuma manne ya mwaka 1995 kuwapatia wenye silaha kitu walichokitamani sana, na kwamba mwenendo wake wa kidiplomasia tangu siku hizo, hata ule unaodhaniwa kuwa ukaidi, ni jitihada ya kudai malipo ambayo hayajafika.

Bomu lenyewe, tangu kuzaliwa kwake, lilikuwa chombo cha mazungumzo kuliko kuwa chombo cha vita. Urani ilipatikana kwa wingi pamoja na dhahabu katika migodi ya Witwatersrand, ikauzwa kwa Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1950. Marekani nayo ikaipatia Pretoria kinu cha utafiti kilichopewa jina la SAFARI-1, kilichoanza kazi mwaka 1965 huko Pelindaba, magharibi ya mji mkuu. Mwaka 1970 Waziri Mkuu John Vorster alitangaza kwamba wanasayansi wake wamevumbua njia yao wenyewe ya kurutubisha urani, na kufika mwanzo wa mwaka 1978 kiwanda kilichojengwa jirani ya kinu hicho kilikwisha kutoa urani ya daraja la kuundia silaha. Mwezi wa Agosti 1977 setilaiti ya Wasovieti iliviona visima vya majaribio vilivyochimbwa Vastrap katika jangwa la Kalahari. Moscow ikaiarifu Washington, na kwa shinikizo la pande zote mbili jaribio likaahirishwa. Serikali ya Makaburu ilijifunza jambo kwa tukio hilo. Iliona jinsi wakubwa walivyoshtuka kwa kisima kitupu, ikapanga siasa ya daraja tatu: kwanza, kutokiri wala kukana, pili, ikiwa nchi imezingirwa, kuwanong'oneza wakubwa wa Magharibi ya kwamba silaha iko, na tatu, nong'ono lisipofaa kitu, kuilipua jangwani ili dunia nzima ione. Ya nne haikuwamo, kwani shabaha haikuwa Luanda wala Lusaka, bali masikio ya Washington.

Mabomu yalitunzwa katika jengo la Armscor, shirika la silaha la serikali, lililoitwa Circle, mwendo mfupi kutoka Pretoria. Kila moja lilikuwa na urefu wa mita 1.8 au karibu, uzito wa takriban tani moja, na ndani yake kilo 55 hivi za urani iliyorutubishwa sana. Liligawanywa nusu mbili, ya mbele ikifungiwa katika chumba kimoja cha chuma na ya nyuma katika chumba kingine, kusudi asiwepo mtu mmoja, hata awe na cheo gani, awezaye kuziunganisha peke yake. Utaratibu huo waonyesha kwamba waliolitengeneza waliogopana wao kwa wao kuliko walivyomwogopa adui.

Februari ya mwaka 1990 ilibeba mambo mazito mfululizo. Tarehe 1 kiwanda cha kurutubisha kilifungwa. Tarehe 2 De Klerk alivifungulia vyama vya ukombozi milango iliyokuwa imefungwa kwa miaka 30. Tarehe 11 Nelson Mandela alitoka kifungoni. Na tarehe 26 ilitoka amri ya maandishi ya kuyavunja mabomu. Sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa wazi na yenye nguvu: mapatano ya Desemba 1988 yaliwaondoa askari wa Kuba kutoka Angola, Namibia ilikuwa yakaribia kupata uhuru wake, na dola ya Kisovieti ilikuwa hoi. Iko na sababu ya pili, iliyosemwa faraghani zaidi ya hadharani, ya kwamba Makaburu hawakutaka kuliacha bomu mikononi mwa serikali ya Waafrika. Wataalamu hushindana ipi katika hizo ndiyo ya kweli, kana kwamba mtu hawezi kuuza nyumba kwa kuwa amekwisha kuhama na pia kwa kuwa hampendi jirani atakayeirithi. Mimi sioni kwa nini moja iikanushe nyingine. Lililo na maana kwa uchambuzi huu ni kwamba mabomu yalivunjwa na mtu aliyekuwa hana adui tena wa kumtisha kwayo, na kwamba hakumwomba mtu yeyote dhamana ya usalama badala yake.

Hapa pana sehemu inayoigusa Afrika Mashariki, nayo aghalabu husahauliwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoupitisha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwezi wa Juni 1968, nchi nne tu zilipiga kura ya kuukataa: Albania, Kuba, Zambia na Tanzania. Kwa Dar es Salaam na Lusaka, mkataba uliowagawanya walimwengu mafungu mawili, wachache walioruhusiwa kubaki na silaha na wengi waliokatazwa kuzigusa, ulikuwa na kasoro ya uadilifu, na juu ya hayo haukutoa ulinzi wowote kwa nchi zilizopakana na utawala wa ubaguzi wa rangi au kuupinga. Zikakaa nje ya mkataba kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1990 Pretoria ilisema itatia saini iwapo majirani nao watatia, na bila shaka wako waliodhani hiyo ni hila ya kuvuta wakati. Lakini Msumbiji ilijiunga Septemba mwaka huo, Zambia na Tanzania zikafuata Mei 1991, na tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ikaingia, ikiwa mabomu yake yamekwisha kuvunjwa wala dunia haijaambiwa kwamba yalikuwako.

Kazi ya kuthibitisha ilikuwa ngumu kwa sababu De Klerk alikwisha kuamuru maelfu ya hati za mpango huo ziharibiwe. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, walikuta hesabu isiyolingana baina ya urani iliyoingia kiwandani na ile iliyotoka, wakalazimika kuzipitia kumbukumbu za kazi za kiwanda, siku baada ya siku, kwa miaka yote ya uhai wake, mpaka tofauti ilipopata maelezo. Visima vya Vastrap vilijazwa zege mwaka 1993 wakaguzi wakishuhudia. Bunge nalo likapitisha sheria namba 87 ya mwaka huo kuwakataza raia kushiriki katika kazi ya silaha za maangamizi. Yote haya yalipata sifa, nayo yalistahili; ila msomaji asisahau kwamba hati zilizoharibiwa zilikuwa na habari ambazo hazitapatikana tena, zikiwamo za nani alimsaidia nani. De Klerk alidai bungeni kwamba hapana dola ya nje iliyotoa elimu wala malighafi. Miongoni mwa wanaoujua uhusiano wa Pretoria na Israel katika miaka ya 1970, ni wachache waliolipokea dai hilo bila ya tashwishi.

Serikali ya ANC iliyoingia mwaka 1994 ilirithi, basi, kitu cha ajabu: fadhila isiyokuwa yake. Aliyelivunja bomu ni mtawala waliyempinga. Wao walikuwa wapinzani wa bomu kabla hata halijakubalika kwamba liko. Hakuna aliyeonyesha mgeuko huo waziwazi kuliko Abdul Minty, ambaye kwa miaka mingi ya uhamishoni, kutoka London na Oslo, aliongoza kampeni ya kufichua ushirikiano wa kijeshi na wa nyuklia baina ya Magharibi na Makaburu. Shirika la Vienna liliiondoa Afrika Kusini katika Bodi ya Magavana mwaka 1977, na mwaka 1979 mkutano wake mkuu wa New Delhi ukazikataa hati za wajumbe wake; miaka haikupita mingi baada ya 1994, Minty akawa anakalia kiti kilekile alichokuwa akitaka kinyang'anywe. Tarehe 31 Agosti 1994 baraza la mawaziri la Mandela lilipitisha siasa ya kuifanya nchi kuwa mfano wa kutoeneza silaha za maangamizi, na mwezi wa Aprili 1995 Pretoria ikapokelewa katika kundi la nchi zinazosimamia biashara ya vifaa vya nyuklia. Chama cha ukombozi kilikuwa kimeingia katika klabu ya wauzaji.

Mwezi huohuo wa Aprili ndio ulipofunguliwa New York mkutano wa kuamua hatima ya mkataba wa 1968, ambao ulikuwa umewekewa muda wa miaka 25. Nchi 175 zilihudhuria, na mwenyekiti alikuwa Jayantha Dhanapala wa Sri Lanka. Wenye silaha na wenzi wao walitaka mkataba uendelezwe milele bila ya shurti. Nchi nyingi Zisizofungamana na Upande Wowote, Indonesia ikiwa mstari wa mbele, zilitaka uendelezwe kwa vipindi, ili kila kipindi kinapokwisha wenye silaha waulizwe wamepunguza nini kwa mujibu wa ahadi yao ya kifungu cha sita. Hoja ya pili ilikuwa na mantiki isiyopingika, kwa sababu mtu asiye na silaha hana jingine la kumbana nalo mwenye silaha isipokuwa tishio la kutotia saini tena.

Afrika Kusini ilisimama katikati, ikaegemea upande wa milele. Waziri wa Mambo ya Nje Alfred Nzo alileta pendekezo la kuwa na orodha ya misingi na makusudio ya kuvua silaha, pamoja na utaratibu madhubuti zaidi wa kukagua mkataba kila miaka mitano, vyote viwili viambatane na kuuendeleza mkataba daima. Mawaziri wa nchi Zisizofungamana walipokutana Bandung mwishoni mwa Aprili, hawakuweza kuwa na kauli moja, na msimamo wa Pretoria ulikuwa miongoni mwa yaliyouvunja mshikamano huo. Yamesemwa mengi juu ya shinikizo la Washington, nalo lilikuwapo. Lakini kulieleza jambo lote kwa shinikizo ni kuwadharau watu walioamini kwa dhati kwamba mkataba wenye kikomo ni mkataba dhaifu, na kwamba bara lililowahi kuishi chini ya kivuli cha bomu la Kaburu halingepata faida kwa kuudhoofisha. Tarehe 11 Mei uamuzi ulipitishwa bila ya kura. Mandela alikuwa na mwaka mmoja madarakani, na hapana mjumbe aliyetaka kuonekana anasimama dhidi ya nchi yake.

Kilichofuata kilikuja upesi mno hata kwa wale waliokuwa na shaka. Siku nne hazikutimia, Uchina ikalipua bomu la majaribio; Septemba Ufaransa nayo ikaanza tena majaribio yake huko Mururoa. Misingi na makusudio ilikuwa imewataka wenye silaha wajizuie. Ikaonekana wazi kwamba kilichopewa kilikuwa cha milele, na kilichoahidiwa kilikuwa cha hiari. Kwa maoni yangu Pretoria ilikosea bei, si bidhaa: ilikuwa na haki ya kuuendeleza mkataba, ila ingeweza kudai tarehe na hesabu mahali ilipodai misingi.

Katika mwaka uleule, na hapa pana mafanikio yasiyo na doa kubwa, Waafrika walimaliza kuandika mkataba wa kulifanya bara lao lisiwe na silaha za nyuklia. Hamu hiyo ilianza Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Aljeria, tarehe 13 Februari 1960; Ghana ikazuia mali za Wafaransa, na Nigeria ikavunja uhusiano na Paris baada ya jaribio la tatu. Wakuu wa nchi waliokutana Cairo mwaka 1964 walitoa azimio juu ya jambo hilo, lakini lisingeweza kuwa mkataba maadamu kusini mwa bara kulikuwa na dola yenye bomu. Lilipovunjwa, rasimu ilikamilishwa Johannesburg na Pelindaba, penye kinu chenyewe, na mkataba ukabeba jina la mahali hapo. Ulifunguliwa kwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukangoja miaka kumi na mitatu, hata Burundi ilipoleta hati ya 28 ya kuridhia ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Kifungu chake cha sita kinamtaka kila mwenye uwezo wa kuunda mabomu autangaze na auvunje, amri iliyoandikwa kwa kutazama mfano mmoja tu uliopo. Limebaki suala la Diego Garcia: ramani ya mkataba inavitia ndani visiwa vya Chagos ambavyo Mauritius imekuwa ikividai, na Uingereza na Marekani hazikukubali kwamba kambi yao ya kijeshi huko inafungwa nao.

Kudai deni kulianza rasmi Juni 1998, Afrika Kusini ilipoungana na Brazili, Misri, Ireland, Meksiko, New Zealand, Slovenia na Uswidi kutoa tamko la Ajenda Mpya. Kundi hilo halikuwa la Kusini peke yake wala la Kaskazini peke yake, na nguvu yake ilitoka hapo. Katika mkutano wa ukaguzi wa mwaka 2000 liliwabana wenye silaha watano mpaka wakakubali hatua kumi na tatu, mojawapo ikiwa ahadi isiyo na utata ya kuziondoa silaha zao kabisa. Mkutano wa 2005 ulivunjika bila ya kuafikiana, na hatua kumi na tatu zikawa karatasi.

Wakati huohuo mfano wa Pretoria ulikuwa ukitumiwa na wengine kwa matumizi ambayo wenyewe hawakuyapanga. Januari 2003 Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa huko Iraki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Afrika Kusini ilikuwa kielelezo cha jinsi nchi inavyoweza kushirikiana na wakaguzi, akaulinganisha mwenendo huo na ule wa Iraki. Serikali ya Rais Thabo Mbeki ikaona hapo nafasi ya kuizuia vita, ikawapeleka Baghdad wataalamu wake, wamfundishe mshukiwa namna ya kuthibitisha kuwa hana kitu. Ilikuwa jitihada ya heshima. Mwezi mmoja baadaye mabomu yakaanza kuanguka, na silaha zilizotafutwa hazikupatikana. Sidhani somo hilo lilisahauliwa Pretoria: mwenye nia ya kukupiga hatosheki na uthibitisho.

Ukweli hauruhusu, hata hivyo, kuichora nchi hii kama mtakatifu. Mwaka 2004 polisi waliingia katika karakana moja ya Vanderbijlpark wakakuta makontena kumi na moja ya mitambo iliyokusudiwa kupelekwa Libya kwa ajili ya kurutubisha urani, sehemu ya mtandao wa Mpakistani A. Q. Khan wa kuuza vifaa vya nyuklia kwa siri. Elimu iliyotumika ilikuwa imebaki katika vichwa vya mafundi wa zamani. Sheria ya 1993 ikawanasa wahusika, lakini jambo lilionyesha kwamba kuvunja chuma ni kazi ya miezi, na kuvunja ujuzi hakuna anayejua namna yake.

Na iko urani yenyewe. Mabomu yalipovunjwa, kiini chake hakikutupwa. Kiliyeyushwa kikahifadhiwa Pelindaba chini ya ukaguzi wa Vienna, na kinachobaki hukadiriwa kuwa kilo 220 hivi, zinazotosha, kwa kipimo cha mabomu yale ya kale, kuunda manne. Sehemu yake ilitumika katika kinu cha SAFARI-1 kutengeneza dawa za mionzi za hospitali, kazi ambayo Afrika Kusini ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa duniani. Kinu kilikwisha kugeuzwa mwaka 2009 kitumie urani iliyorutubishwa kidogo, hivyo haja ya ile ya daraja la juu imepungua sana. Novemba 2007 makundi mawili ya watu wenye silaha yalivunja ua wa Pelindaba usiku mmoja, wakaingia mpaka chumba cha dharura wakampiga mtu risasi, ijapokuwa hawakufika kwenye hazina. Mwaka 2011 Rais Barack Obama alimwandikia Rais Jacob Zuma akimsihi aitoe urani hiyo, abadilishane na ile isiyofaa kwa silaha. Zuma alikataa.

Mwenye kutazama kwa haraka atasema huu ni ukaidi wa bure, tena wa hatari, nami nakiri kwamba kwa upande wa usalama wa ghala Wamarekani wana hoja. Lakini tazama mizani kwa jicho la Pretoria. Kilo 220 ndicho kitu pekee cha kushikika kilichobaki mkononi mwa dola iliyokwisha kutoa saini yake ya milele bure. Wanaoiomba wana tani na tani za urani ya namna hiyo, na hawajaalika mkaguzi kuja kuihesabu yote. Msimamo wa Minty na wenzake, uliorudiwa mara nyingi Vienna, ni kwamba mkataba umekataza silaha, haukukataza malighafi wala elimu. Na kwamba kila mara wadogo wanapoongezewa masharti mapya ilhali wakubwa hawajatimiza ya zamani, mgawanyiko wa 1968 unazidi kuchimbwa.

Kwa mwanga huohuo ndipo kura za Pretoria juu ya Iran zinapofahamika. Septemba 2005, kisha Februari 2006 Bodi ilipoamua kuipeleka Tehran mbele ya Baraza la Usalama, Afrika Kusini ilijizuia kupiga kura. Machi 2007, ikiwa mwenyekiti wa Baraza hilo, ilipendekeza vikwazo visimamishwe kwa siku 90 na vipunguzwe. Pendekezo halikukubaliwa, nayo ikaunga mkono azimio, na mwaka uliofuata ikafanya hivyo tena. Mtu anaweza kuicheka diplomasia inayopinga asubuhi na kukubali jioni. Mimi naona humo hofu ya aina mbili zinazogombana: hofu ya kuiona Iran ikifuata njia ile ambayo Makaburu waliifuata, na hofu ya kuona haki ya kurutubisha urani, ambayo Afrika Kusini yenyewe inaihitaji kwa viwanda inavyoviota, ikifutwa kwa desturi bila ya kufutwa kwa sheria. Msimamo huo ulikuwa na gharama. Minty alipogombea ukurugenzi mkuu wa Vienna mwaka 2009, Magharibi ilimwunga mkono Yukiya Amano wa Japani, na baada ya duru kadhaa za kura Amano akashinda.

Kuanzia mwaka 2013 njia ya kudai ilibadilika. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Geneva, Minty alisoma kwa niaba ya nchi zipatazo 80 tamko juu ya maafa ambayo silaha za nyuklia huwaletea wanadamu, bila kugusa mizani ya majeshi. Katika mkutano wa ukaguzi wa 2015, ulioshindwa nao, ujumbe wa Afrika Kusini ulisema wazi kwamba mkataba umegeuka kuwa utawala wa wachache, ukaufananisha na ule waliouzika nyumbani. Ni hoja ileile ya Dar es Salaam na Lusaka mwaka 1968, sasa ikisemwa na dola iliyokuwa wakati ule ndiyo tishio. Mwaka 2016 Pretoria pamoja na Austria, Brazili, Ireland, Meksiko na Nigeria ziliongoza azimio la kuanzisha mazungumzo ya mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa. Ukapitishwa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, Uholanzi ikikataa peke yake na Singapuri ikijizuia. Afrika Kusini iliuridhia Februari 2019. Wakubwa wote tisa wenye silaha hawakuhudhuria.

Je, nani mwingine amefaidika na mfano huu? Karibu hakuna, na sababu yake si ngumu kuiona. Ukraine ilizirudisha silaha za Kisovieti zilizokuwa katika ardhi yake, ikapewa Desemba 1994 hati ya Budapest yenye ahadi za kuheshimiwa mipaka. Ahadi hizo zikavunjwa mwaka 2014, na kwa ukubwa usio kifani mwaka 2022. Muammar Gaddafi wa Libya aliuacha mpango wake Desemba 2003 ili afunguliwe milango ya Magharibi. Miaka minane baadaye ndege za Magharibi zilikuwa juu ya jangwa lake. Kila mmoja alitoa silaha au uwezo kwa kubadilishana na neno la mwenye nguvu. De Klerk hakubadilishana na mtu, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ndani ya nchi, na hilo ndilo linaloufanya mfano wake uwe mtukufu usiofuatika. Pyongyang inapoizungumza Libya, haiizungumzi Afrika Kusini.

Ndiyo maana kimya cha Pretoria tarehe 2 Machi 2022, ilipojizuia kupiga kura Baraza Kuu lilipoitaka Urusi iondoke Ukraine, kilikuwa na uzito zaidi ya kura nyingine za urafiki wa zamani. Nchi inayowaambia wengine kwamba kuvua silaha kunalipa ilikuwa na sababu ya pekee ya kuisikitikia hati ya Budapest kwa sauti. Ujumbe wa amani aliouongoza Rais Cyril Ramaphosa mwezi wa Juni 2023 hadi Kyiv na St. Petersburg ulijaribu kufidia, ukachelewa. Mwezi wa Agosti 2022 mkutano wa kumi wa ukaguzi wa mkataba ulivunjwa na Urusi kwa sababu ya maneno juu ya kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, na mara hii mdaiwa aliyekataa alikuwa yule ambaye Pretoria haipendi kumtaja.

Yabaki mahali pamoja ambapo hadhi ya Afrika Kusini ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kimaadili, na ambapo naona ingekuwa na la kufanya. Mkataba wa 2017, katika kifungu chake cha nne, unaruhusu dola yenye silaha iingie kwanza kisha ivunje, au ivunje kwanza kisha iingie, na unataka kazi hiyo ithibitishwe na mamlaka ya kimataifa ambayo haijateuliwa. Nani atazipitia kumbukumbu za viwanda siku baada ya siku, atalinganishaje urani iliyoingia na iliyotoka wakati hati zimeharibiwa, ataruhusiwa kuona kiasi gani cha muundo wa bomu bila ya kujifunza kulitengeneza: maswali haya yalijibiwa mara moja tu, Pelindaba, kati ya 1991 na 1993, na baadhi ya waliokuwa katika kazi ile bado wangali hai. Mawaziri wa Pretoria huzungumza kwa ufasaha juu ya uadilifu. Juu ya namna ya kuhesabu, wanayoijua kuliko dola nyingine yoyote, husema machache sana.